Kitu ambacho ni nusu mzuka nusu mwili, Kiswahili tunakiitaje? (Nilichoona Meru)

mgumu_wa_kibosho (mleta uzi):

Wakuu habari za asubuhi. Mi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro na Meru mwaka wa saba huu, naishi Moshi mjini ila nyumbani ni Kibosho. Naomba msaada wa neno. Neno tu, sihitaji mganga wala maombi, maana wiki mbili sasa kila nikianza kusimulia hii kitu watu wananiangalia kama nimevuta.

Iko hivi. Tulilala Saddle Hut, mita 3,570 hivi, usiku wa manane wageni wakaanza kupanda. Kwa kawaida sisi wagumu tunabaki kambini lakini siku hiyo msaidizi wa kiongozi tumbo lilimkamata nikaambiwa wewe vaa, nenda na wa nyuma. Haya, tumefika juu, jua limetoka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana kule imekaa juu ya mawingu haina miguu, wageni wamelia wamekumbatiana wamepiga picha, tunashuka. Tukiwa kwenye ule ukingo tunarudi kuelekea Rhino Point nikachuchumaa kufunga kamba ya kiatu. Jua liko mgongoni, mbele yangu upande wa magharibi chini ni wingu tupu limejaa mpaka karibu na miguu. Nikainua kichwa nikaona mtu.

Mtu mkubwa aisee. Wa kijivu, amesimama ndani ya wingu, miguu mirefu inakuja kuishia pale pale nilipokanyaga, na kichwani amezungukwa na duara la rangi, nje jekundu ndani bluu, kama wale watakatifu wa kwenye vioo vya kanisani. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Nikapunga mkono. Sijui kwa nini nilipunga, labda malezi tu, ukikutana na mtu mkubwa unamsalimia. Na yeye akapunga.

Askari wa hifadhi akasogea (Meru unapanda na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati), wakawa wawili, yule wa pili ana bunduki begani ndefu kama nguzo ya umeme. Nikamwambia afande, unaona lile duara kichwani kwangu? Akasema duara liko kwangu mimi, wewe huna kitu. Tukaanza kubishana pale, watu wazima, mpaka mgeni mmoja mzee akaja akasema hapana, liko kwake. Halafu akacheka akatueleza kwamba ni vivuli vyetu wenyewe, na kwao vina jina kabisa, vimepewa jina la mlima mmoja wa Ujerumani unaitwa Brocken.

Sawa, kivuli. Ila wakuu, kivuli ninachokijua mimi kinalala chini. Hiki kilikuwa kimesimama, kina unene, wingu likipita kinakonda likirudi kinanenepa, yaani ungesema kimejifunika blanketi. Kilikaa kama dakika tatu, wingu likashuka, kikaisha. Sisemi kiliondoka. Kiliisha.

Nimerudi nyumbani namsimulia bibi, "Bibi, kule juu nimeona..." nikakwama hapo hapo. Nikisema mtu, si mtu. Mzimu, mzimu wa nani wakati mimi mwenyewe niko hai? Nikisema kivuli atasema mjukuu wangu mzima na ndevu zake anaogopa kivuli chake. Nikamwambia nimeona mawingu. Akasema pole.

Sasa nisaidieni, kitu cha namna hii kinaitwaje? Picha msiulize, simu ilizimwa na baridi ikiwa na chaji nusu.

siti_ya_dirishani:

Uzi wa mzuka bila picha. Haya, nimeketi.

chalii_wa_ngarenaro:

Mwanangu si umejibu mwenyewe kwenye kichwa cha habari, ni mzuka. Ila huku Chuga (Arusha) ukisema mzuka watu wanajua una furaha, asubuhi tunasalimiana hivyo hivyo "mzuka wanangu", bibi atadhani ulikuwa disko.

mama_wa_mitungi:

Kuna mazigazi. Kuna mauzauza. Kuna maruerue. Kuna kiinimacho. Maneno yapo tele jamani, vijana hamsomi.

mgumu_wa_kibosho:

Mama shikamoo. Nimeyafikiria yote hayo kabla sijaja hapa. Mazigazi ni yale maji unayoyaona barabarani kwenye jua kali halafu ukifika hamna, na mimi sikuona kitu ambacho hakikuwepo, kivuli kilikuwepo. Maruerue ni ya mtu mwenye homa, sikuwa mgonjwa, na tuliona watatu. Kiinimacho kuna mtu anakufanyia na baadaye anapitisha kofia. Mauzauza limekaribia, ila mauzauza ni hali, huwezi kusema mauzauza yamenipungia mkono.

mama_wa_mitungi:

Marahaba. Basi sawa, endelea kutafuta.

chaki_na_vumbi:

Nafundisha fizikia sekondari, hili lipo eneo langu. Mzee mgeni alikuwa sahihi. Masharti yake ni jua la chini mgongoni kwako na wingu au ukungu mbele yako au chini yako. Kivuli chako hakiangukii kwenye ukuta, kinaangukia ndani ya wingu, matone ya karibu na matone ya mbali yote yanakipokea kwa pamoja, ndiyo maana umekiona kina kina, si bapa. Ukubwa ni jicho linadanganyika, halina kitu cha kupimia umbali ndani ya wingu, linadhani kile kilicho mita chache kiko maili huko, basi linakikuza.

Lile duara sasa ndio tamu. Ni mwanga unaoingia kwenye vitone vidogo vya maji na kurudi karibu kabisa na njia ile ile uliyojia, na unarudi kuelekea jicho lako. Katikati ya duara ni pale ambapo kivuli cha kichwa chako kipo. Afande anaona lake, mzee anaona lake, wewe lako, na wote mko sahihi. Hakuna anayeweza kuona la mwenzake.

Wazungu wamekiandika tangu 1780, mchungaji mmoja Mjerumani Johann Silberschlag. Na huo mlima wao Brocken una mita 1,141 tu, Arusha mjini pale Mnara wa Saa pako juu kuliko huo mlima, sijui walikuwa wanapiga kelele za nini.

Halafu kuna Mskoti, Wilson, mwaka 1894 alikaa kidogo kwenye kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis akaona haya haya maduara. Alipenda mno, akarudi maabara kujaribu kutengeneza wingu lake dogo ndani ya chombo cha kioo ayaone tena. Badala ya maduara akagundua kwamba chembe zenye umeme zikipita kwenye lile wingu zinaacha mstari wa matone nyuma yake. Chembe yenyewe huioni kamwe, unaona njia yake tu. Ikampa Nobel ya 1927. Kwa hiyo mgumu usione haya, kuna mwenzako aliona hicho hicho akaishia Stockholm.

mgumu_wa_kibosho:

Mwalimu asante sana, leo nimeelewa kwa nini afande aling'ang'ania. Nitamwomba radhi. Lakini neno hujanipa.

chaki_na_vumbi:

Kwenye silabasi halipo 😀

mpangaji_sakina:

Mi yangu haikuwa juu ya mlima, ilikuwa chumbani. Mwezi wa saba, mnajua Arusha mwezi wa saba ilivyo, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Sakina, nina mtoto mdogo, jioni nikimaliza kupika naingiza jiko la mkaa ndani, nafunga dirisha na ile nafasi ya chini ya mlango naziba na kanga kuukuu. Siku ya tatu au ya nne ya hivyo nikaamka usiku nasikia mtu anatembea, kua kua kua, halafu alisimama mlangoni. Mwanaume, simwoni sura, ana koti. Nikataka kupiga kelele mwili haunisikilizi, kifua kizito kama umekaliwa na gunia la mchele. Kichwa kinapasuka. Nikajikokota mpaka kwenye kitasa, nafungua mlango likapita pembeni yangu likatoka, yaani nililisikia kabisa baridi ya kupita kwake. Mwanangu naye ametapika.

Asubuhi nikahama kwenda kwa dada, nikasema nyumba ina jini. Mama mwenye nyumba, mama wa Kimeru mtu wa miaka kama sabini, akaingia chumbani akaangalia lile jiko, akaangalia kanga ya mlangoni, akanitazama akasema "mwanangu jini lako ni hili, unataka kumuua mtoto?"

chaki_na_vumbi:

Huyo mama apewe maua. Mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, na inashikana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka imebeba bure. Kichwa kuuma, kutapika, kifua kubana, na ndiyo, kusikia nyayo na kuona watu. Mwaka 1921 daktari wa macho Mmarekani, William Wilmer, aliandika kisa cha familia iliyohamia nyumba kubwa wakaanza kusikia nyayo na kuona mtu usiku, na maua ndani yakawa yananyauka. Kumbe tanuru la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu linavuja moshi ndani. Lilipotengenezwa mizimu ikahama.

Dalili ni hii, mkiumwa wote chumba kimoja na mkitoka nje mnapata nafuu, hilo si jini. Jiko liishie nje, hata kama ni mwezi wa saba, hata kama limebaki majivu mekundu tu.

mpangaji_sakina:

Nashukuru mwalimu, sasa hivi tunalala na masweta. Ila nikiri kitu, ule upepo wa baridi alipopita mlangoni mpaka leo nausikia kwenye mkono huu wa kushoto.

dukani_kwa_mangi:

Ngoja na mimi niweke langu. Mnazungumzia mizuka inayopunga mikono, mimi nina wa kwangu hanipungii, anachukua hela. Chuma ulete. Jioni nahesabu mauzo, sukari imetoka kilo kadhaa, mafuta ya kupima yametoka, unga umetoka, droo ina hela ya kiberiti. Sasa huyo mwalimu anieleze hapo mzuka uko wapi na mwili uko wapi, maana mzuka haonekani lakini hela ilikuwa na mwili kabisa, noti za elfu kumi.

siti_ya_dirishani:

Mangi, dukani unauza na nani?

dukani_kwa_mangi:

Na shemeji.

siti_ya_dirishani:

Basi hiyo haina neno jipya.

migomba_ya_machame:

Nacheka peke yangu kwenye Coaster. Mleta uzi, mbona mlima wetu wote ulikuwa hicho unachotafuta? Wazee walisimulia Mangi (mtawala wa Kichaga) mmoja wa zamani aliyetuma watu juu wakalete kile cheupe, walidhani ni fedha. Wakakichota, kizito, kinang'aa, kinauma vidole, wakakibeba kushuka nacho na njiani kikawa maji. Umekishika kwa mikono miwili halafu unafika nyumbani huna ushahidi. Na mmisionari Rebmann alipokiona kwa mbali Mei 1848, aliyekuwa anamwongoza hakuwa na jina la theluji, alikiita baridi tu. Hiyo ndiyo ninayoipenda mimi, hakukipa jina la kitu, alikiita kwa kile kinachomfanyia mtu. Rebmann akaandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, bwana mmoja London, Cooley, ambaye hajawahi hata kukanyaga huku, akamwambia umeona mauzauza. Akabisha miaka na miaka.

mgumu_wa_kibosho:

Hii ya baridi imenigusa. Bado sina neno lakini imenigusa.

binti_wa_tanga:

Hamjambo watu wa milimani. Naona mmezunguka kote hakuna aliyesema KIZUKA. Huku kwetu pwani kizuka ni kitu kinachotokea tu, kimezuka, hukumwalika wala kumtuma. Lakini kizuka vile vile ni mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko edani. Shangazi yangu alikaa eda miezi minne na siku kumi, yumo ndani, kajifunika, sauti ya chini, mgeni akija anaulizwa "umeshamwona kizuka?" Nilikuwa na miaka minane nikimpelekea uji. Mkono unatoka kwenye kanga nyeupe unapokea bakuli, una joto, ni mkono wa shangazi kabisa ule wa kunisuka nywele, ila yeye mwenyewe hayupo. Sijui niseme vipi. Yupo na hayupo. Nilikuwa naweka uji nakimbia.

kalamu_nyekundu:

Nimehariri maandishi ya watu miaka mingi, sasa nimestaafu niko Shanty Town nafuga kuku, na nimesoma uzi huu tangu juu huku mkono unaniwasha. Mleta uzi, unasema huna neno. Rudi usome ulichoandika. Mwanzo umeandika "nikaona mtu, AMEsimama, AKApunga". Mgeni alipokwambia ni kivuli, kuanzia sentensi inayofuata umeandika "KImesimama, KInakonda, KIkaisha". Kitu ni kile kile, wingu ni lile lile, wewe umekishusha kutoka mtu kuwa kitu kwa silabi moja na hukujua.

Dada wa Sakina kafanya vile vile. "ALIsimama mlangoni", kisha "LIkapita pembeni yangu". Lilipopita lilikuwa limeshapungua utu. Halafu leo akilikumbuka anasema tena "ALIpopita". Hajampa ruhusa ya kuondoka.

Angalieni kanisani. Pepo AMEmwingia, ana hila, ana jina, anabishana na mchungaji. Akishatolewa mnasema mapepo YAmemtoka, kama maji, kama matapishi. Na mzimu je? Mzimu UMEkasirika, mizimu IMEkasirika, si "amekasirika". Umewekwa ngeli moja na mti, mto, mlima, moshi. Na mwili. Mwili umelala, mzimu umeamka. Wametunga hii lugha watu waliojua wanachokifanya, mwili na mzimu wanakaa chumba kimoja.

Kwa hiyo Kiswahili hakihitaji kivumishi cha nusu hiki nusu kile. Tunapima kwa kiambishi. Unaongeza utu, unapunguza utu, katikati ya sentensi ukitaka.

chalii_wa_ngarenaro:

Mzee shikamoo, hapa umenivuruga ubongo kwa upole. Lakini kiongozi, kipofu, kijana, hao wote wana KI na tunasema amekuja.

kalamu_nyekundu:

Marahaba, na hapo ndipo nilipokuwa naelekea ukanikata. Jaribu "kivuli amesimama". Ulimi unakataa. Jaribu "kizuka amesimama". Umepita bila kugusa kitu. Usoni kina sura ya kitu, nyuma yake kuna mtendaji. Binti wa Tanga ndiye aliyeleta jibu na wote mmemruka mkaenda kunitolea shikamoo mimi.

binti_wa_tanga:

Ahsante baba. Wanaume wa JF (JamiiForums), sisemi kitu.

dukani_kwa_mangi:

Na waziri kivuli? Amekuja au kimekuja?

kalamu_nyekundu:

Inategemea chama.

mgumu_wa_kibosho:

Wakuu nimerudi, jana Jumapili nilipanda Kibosho. Baada ya misa nikamkuta bibi nje anachambua maharage kwenye ungo, nikakaa kwenye kigoda nikamwambia bibi siku ile sikuona mawingu, niliona kizuka. Hakushtuka. Aliendelea na maharage, akatoa kijiwe akakitupa kwa kuku, akaniuliza "kilikuwa kikubwa?" Nikasema kikubwa kuliko mnara wa kanisa. "Kina nguo?" Nikamwambia ilikuwa jaketi langu ila refu. Nikamweleza la kupunga mkono, nikasimama kabisa pale uani nikamwonyesha nilivyofanya na kilivyofanya.

Hapo akaacha ungo. Akaniuliza "nani alianza kupunga?"

Nikasema mimi.

Akasema basi hicho ni kitu, kisikunyime usingizi, kingeanza chenyewe ndiyo ungeniambia AMEpunga. Akarudi kwenye maharage. Mzee kalamu nyekundu, bibi yangu hajawahi kufika darasa la tano, nakuapia.

Ila nilipokuwa narudi na daladala nikaanza kufikiri, nina uhakika gani nilianza mimi? Nilikuwa nimechuchumaa na kamba ya kiatu, nikainua kichwa, mikono yote ilikuwa chini. Nakumbuka kupunga. Sikumbuki kuamua kupunga.

Tarehe 14 napanda Meru tena na kundi la watu sita. Simu nitailaza ndani ya soksi kwenye begi la kulalia isife. Wingu likikaa vizuri nitasimama pale pale mikono nimeitia mifukoni, na safari hii sipungi.